Kola Niliyokata kwenye Mchoro Wako

Nyumbani
4 Februari

Mwanangu mpendwa Kiberiti,

Nakushika mkono kwa barua hii nikitumaini imekukuta mzima, umekula na umelala. Sisi huku wazima. Baba yako mzima, goti limepoa na amerudi kwenye ngazi zake za kupaka rangi ingawa nimemkataza. Anasema ukuta haupakwi kwa kukaa kitini. Bibi yako mzima, masikio ndiyo hayo hayo, lakini macho anaona hadi tusiyotaka aone. Anakuuliza kama bado unashika waya kwa mkono ule ule unaolia chakula. Kaka yako dereva mzima, lori lake ndilo linaloumwa. Wifi yako mzima, amebadilishiwa zamu pale zahanati, sasa tunamwona mchana. Mapacha wao wazima, mmoja ameng'oka jino na mwingine analia kwa kuwa la kwake halijang'oka. Mkimya, mwenzangu wa kushona, anakusalimu sana, yaani alitikisa kichwa. Na mimi mama yako mzima, ila mgongo, na mgongo wa fundi cherehani hauhesabiwi kuwa ugonjwa.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara tatu kwa kuwa macho yangu yanakwenda polepole, unajua niliishia darasa la nne. Unaniuliza kama bado ninao ule mchoro mkubwa ulionitumia miaka mitatu iliyopita ulipoanza kazi hapo karakana, ule wa mistari na viduara. Unasema hakuna haraka, unautaka tu kwa kumbukumbu.

Mwanangu, mimi nitupe kitu chako? Upo. Barua zako zote zimo kwenye bati la biskuti, chini ya vifungo. Mchoro nao upo mahali pake. Nikipata nafasi nitautoa.

Lakini mbona mwandiko wako umelala upande? Wewe ukiwa na shida herufi zako huinama kama nyasi za upepo. Unakula? Niambie ukweli.

Mama yako

*

Karakana
15 Februari

Mama mpendwa, shikamoo.

Mimi mzima, ninakula, na mwandiko umelala kwa sababu niliandikia juu ya goti. Wasalimu wote. Mwambie Bibi waya nashika kwa mikono miwili, baada ya kuzima swichi.

Nimefurahi mchoro upo. Ningeomba uje mzima, usikunjwe sana, ufike kabla ya tarehe ishirini na tano Machi. Kuna ofisi ya serikali inayoandika uvumbuzi, ili kila kitu kipya kijulikane kimetengenezwa na nani. Hati wanayotoa inaitwa hataza. Kile kifaa changu kimefikia hapo. Wanataka kuona nilianzia wapi, ni utaratibu tu.

Unakumbuka nilikueleza? Umeme ukikatika na kurudi, mashine zote za mtaa huamka kwa pamoja, na umeme hulemewa, na mota huungua. Nyumbani haikuwa hivyo. Wewe ulikuwa unakaa unatazama taa ya juu. Unasema, "Mkimya, anza." Taa inafifia. Tunangoja. Ikitulia unasema, "Kicheko, sasa wewe." Mimi nilikuwa na miaka tisa, chini ya meza, naokota vifungo, na nilidhani mafundi wote duniani hufanya hivyo. Nilipofika huku nikaona hakuna anayefanya. Basi nikachora saketi ndogo inayotazama taa kama wewe. Kila mashine inakuwa na yake. Ikiona umeme unafifia inajua mwenzake anaamka, inangoja. Ukitulia, inaanza. Hakuna waya wa kuziunganisha wala mtu wa kuziita.

Ndiyo huo mchoro. Kona ya chini upande wa kulia kuna tarehe na sahihi yangu. Hiyo kona ndiyo wanayoitaka zaidi.

Mwanao,
Kiberiti

*

Nyumbani
24 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwa wote, yaani kwa wewe, kwa kuwa wa huko siwajui. Huku wote kama nilivyowahesabu, ila mapacha sasa wote hawana jino.

Ndani ya bahasha hii nimeweka ile barua iliyokuja na mchoro. Nimeikuta ndani ya bati, safi kabisa, tarehe inasomeka. Umeandika hivi: "Mama, huu mchoro nimejifunza kwako." Nadhani hao wa ofisini wakisoma maneno hayo yatawatosha. Maneno ni mengi kuliko mistari.

Mchoro wenyewe utafuata. Nataka nimpe kaka yako aulete kwa mkono, posta wasije wakaukunja, na kaka yako anapita huko wiki hii lakini lori limejaa, huenda safari ijayo. Pia Mkimya ana mafua. Pia mvua.

Kula vizuri.

Mama yako

*

Nyumbani
2 Machi

Mwanangu,

Leo sisalimii kwa urefu, wote wazima.

Kaka yako amerudi. Kumbe alipita kwako, na ulimwapisha asiniambie. Ameshindwa. Alikaa hapo kwenye kigoda akachezea kofia yake mpaka nikamwambia, "Sema au nenda kaoshe lori." Akasema. Kwamba si utaratibu tu. Kwamba yule mkuu wako wa zamani, aliyehama karakana, amepeleka kifaa chako ofisi ya hataza kwa jina lake. Kwamba daftari lako la kazi lilikuwa kabatini mwake na siku alipoondoka aliondoka nalo. Kwamba anasema alikichora yeye mwaka juzi, mwezi wa Agosti, na wewe ulikuwa unamshikia rula. Na kwamba tarehe ishirini na saba mnaitwa nyote wawili mbele ya meza, na usipoonyesha kitu cha kabla ya Agosti hiyo, jina litakuwa lake.

Ulinificha ili nisikose usingizi. Basi na mimi nikwambie nilichokuficha, nilikuwa na sababu hiyo hiyo.

Mchoro niliukata.

Usiniulize nilikuwa nafikiri nini, nitakwambia mwenyewe. Barua niliiweka kwenye bati kwa kuwa barua ni maneno yako. Ile karatasi nyingine ilikuwa na mistari na viduara nisivyovijua, nikadhani umeifungia barua isichakae. Na ilikuwa karatasi ngumu, mwanangu, nyeupe, haikunjiki hovyo. Sisi hapa tunakatia kwenye magazeti, yanachanika sindano ya tatu. Nikasema, angalia mtoto huyu, hata karatasi ya kufungia anamchagulia mama yake. Nikakata kola ya shati la shule, ya kulaza juu ya kitambaa na kufuatisha kwa chaki. Nikakata mfuko. Kilichobaki nikakitumia kukazia sehemu nilizotaka zisimame. Miaka mitatu watoto wa mtaa huu wote wamevaa kola yako.

Uliponiuliza mara ya kwanza nilitaka kusema. Kalamu ikaandika "upo". Na kweli upo, ila haupo pamoja.

Kola ninayo, ipo msumarini juu ya cherehani. Mfuko nilimpa Kicheko alipokwenda kufungua chumba chake cha kushonea. Kona yenye tarehe sijui iko wapi. Nimepekua kila kitu. Baba yako ameshuka ngazini kuja kunisaidia, na leo hakuna ukuta uliopakwa.

Nisamehe. Kama umekasirika nitukane kwa barua, nitaisoma yote.

Mama yako

*

Karakana
9 Machi

Mama,

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye korido, nikacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Kisha nikalia kidogo, lakini si kwa sababu uliyodhani.

Sikukasirika. Ningekukasirikia vipi? Mimi ndiye niliyekutumia kitu cha maana kuliko vyote bila kuandika juu yake, "Mama, huu usikate." Nilijua kabisa unavyopenda karatasi ngumu.

Ile barua uliyonitumia haionyeshi saketi, kwa hiyo nitumie vipande ulivyonavyo. Kola peke yake inaonyesha nusu ya saketi. Kona isipopatikana nitasema mwenyewe kwa mdomo, na litakalokuwa na liwe. Nikikosa jina, kifaa kitafanya kazi hivyo hivyo, mota za watu hazitaungua. Hilo najituliza nalo asubuhi. Jioni halinitulizi.

Usipande juu ya meza kutafuta. Mgongo.

Kiberiti

*

Nyumbani
16 Machi

Mwanangu mpendwa,

Shukuru Mungu, kisha mshukuru Kicheko.

Nilitembea mpaka upande wa pili wa mji, kituo cha mwisho na kuendelea. Nilimkuta ana mashine nne sasa, na kicheko ni kile kile, unakisikia kabla hujaona mlango. Nikamwambia nimefuata kipande cha mfuko. Akasema, "Mama Fundi, umekuja kunipokonya ufundi?" Nikamweleza. Aliacha kucheka, na hilo sijapata kuliona. Alikitoa ndani ya kitabu chake cha vipimo, kimefungwa kwenye kitambaa, kwa kuwa, alisema, ndicho kitu cha kwanza alichopewa na mtu alipokuwa hana hata mkasi. Alikibusu akanipa. Kabla sijaondoka umeme ulikatika ukarudi, na mwanangu, alikaa akatazama taa, akawaita wasichana wake mmoja mmoja. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza mpaka wa nne.

Nyumbani nilitandika vipande juu ya meza. Nilivipanga kwa kufuata mistari yako, kama unavyounganisha kitambaa cha maua ili ua lisikatike kwenye mshono. Nilipata na vipande vingine vidogo: kimoja ndani ya mkanda wa aproni ya baba yako, viwili kwenye kofia ya wifi yako ya kazini, alivua mwenyewe akanipa mkasi. Nimevishona vyote juu ya kitambaa cheupe, mshono wa nyoka, polepole, uzi mwembamba, nisitoboe viduara. Ni mara ya kwanza nashona kitu nisichojua ni nguo gani.

Matundu ya pini utayaona, ni mengi, usione aibu. Chaki ya bluu imegoma kutoka.

Kona haipo. Pale kwenye kona nimeacha kitambaa kitupu, ukubwa wake nimepima.

Nimempa kaka yako mkononi. Nimemwambia akiukunja asirudi hapa.

Mama yako

*

TELEGRAMU
26 Machi

KONA IKO KITAKO CHA MKOBA WAKO WA KAZI. FUMUA UZI MWEKUNDU. BIBI AMEKUMBUKA. MAMA

*

Karakana
29 Machi

Mama mpendwa, shikamoo. Na kwa Bibi shikamoo mbili.

Keti kwanza. Tulia. Nakueleza tangu mwanzo.

Karatasi ilifika, haikukunjwa. Kaka aliibeba kifuani ndani ya shati kama mtoto mchanga. Telegramu nayo ilifika asubuhi ile ile ya tarehe ishirini na saba, nikiwa nafunga viatu. Nilipindua mkoba wangu juu ya kitanda. Ule ulionishonea ukamtuma Kaka aulete, mwezi wa Mei, miezi mitatu kabla ya ile Agosti ya mkuu. Kitako kimeshonwa kwa uzi mwekundu, na kwingine kote mweusi. Siku zote nilidhani umeufanya kwa urembo. Nikachukua mkasi. Kisha nikauweka chini. Nikaubeba mkoba kama ulivyo.

Pale mezani walikaa watu watatu. Wa katikati ni mama mtu mzima, miwani imening'inia shingoni. Mkuu wa zamani alizungumza kwanza, na anajua kuzungumza. Kisha mimi nikatandika karatasi yako. Yeye akatabasamu, akasema hicho ni kitambaa cha kufutia meza, na mtu yeyote angeweza kukishona wiki iliyopita.

Yule mama akavaa miwani. Akaigeuza, akatazama mshono kwa nyuma. Akaipandisha dirishani, mwanga ukapenya kwenye matundu ya pini, na karatasi nzima ikajaa nukta za mwanga. Akauliza, "Kola hii imekata mashati mangapi?" Nikasema mama yangu hahesabu, lakini ni miaka mitatu ya watoto wa mtaa mzima. Akasema, "Matundu haya hayapatikani kwa wiki moja. Mama yangu alikuwa na kipande kama hiki."

Mkuu akasema matundu hayana tarehe. Na hapo alisema kweli.

Basi nikauweka mkoba juu ya meza, nikamuuliza kama anaufahamu. Akasema sana, alikuwa anauona kila siku. Nikamuuliza tangu lini. Akacheka, akasema tangu siku nilipoingia nao mara ya kwanza, mwezi wa Mei mwaka juzi, ndiye aliyeupa jina la mkoba wa mkunga mbele ya karakana nzima. Ni kweli, alifanya hivyo, na niliumia siku ile. Juzi nilimshukuru moyoni.

Niliomba mkasi. Yule mama hakunipa. Aliufumua mwenyewe, uzi mmoja mmoja, kama mtu anayejua. Kona ikatoka. Tarehe, sahihi, na mwisho wa mistari miwili. Akaiweka pale ulipoacha kitambaa kitupu. Ilikaa, Mama. Mistari ikakutana yote miwili.

Mkuu aliiangalia kwa muda. Kisha akachukua kofia yake. Mlangoni aligeuka akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba daftari langu atalirudisha kwa posta. Sikumjibu vibaya. Ndiye aliyenifundisha kulehemu.

Waliniuliza kama kuna mtu mwingine aliyehusika. Nikasema yupo, alikuwa anatazama taa. Wakaniambia kwa sheria aliyechora ndiye anayeandikwa, lakini kwenye maelezo naweza kusema wazo lilitoka wapi. Nimesema.

Bibi alikumbuka vipi? Niambie.

Kiberiti

*

Nyumbani
2 Desemba

Mwanangu mpendwa Kiberiti,

Nakushika mkono tena, na mkono wangu leo una wino na mafuta ya cherehani, usinijali. Baba yako mzima, amepaka rangi ukuta ule wa chumba cha kushonea kwa heshima ya hati yako, kisha akanikataza nisigongelee msumari. Kaka yako mzima, lori limepona. Wifi yako mzima, amepata kofia mpya. Mapacha wazima, meno yanaota. Mkimya mzima. Bibi yako mzima, na ndiye mkubwa wa nyumba siku hizi, hatuwezi tena kumwambia kitu.

Uliniuliza zamani alikumbuka vipi, nikasahau kukujibu kwa furaha. Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimepindua godoro kwa mara ya nne. Yeye amekaa pale kwenye mkeka wake, ananitazama siku ya tisa hiyo. Hakuna aliyemwambia tunatafuta nini, kwa kuwa kumwambia kitu lazima mtaa mzima usikie. Mwishoni nikapiga kelele sikioni mwake: kona ya karatasi ngumu ya mtoto. Akanitazama kama mjinga. Akasema, "Si uliiweka chini ya mkoba wake, uzi mweusi ukaisha, mimi nikakutungia sindano mwekundu? Mbona hamkuniuliza?" Nilikimbia posta na kanga ya jikoni. Karani akasoma maneno yangu akaniuliza kama ni habari za siri za majeshi. Nikamwambia ni habari za mkoba. Akaipeleka mbele ya nyingine zote, Mungu ambariki, nimemshonea shati.

Hati imefika. Wifi yako alitusomea yote, jina lako lipo juu kabisa, yote matatu. Akafika mahali palipoandikwa kwamba njia hii ilitokana na kazi ya chumba kimoja cha ushonaji, ambamo fundi mkuu aliwasha mashine kwa zamu akiitazama taa. Baba yako akaniangalia. Nikasema wifi yako asome tena, hakuvuta sauti vizuri. Akasoma tena. Nashukuru, mwanangu. Nashukuru kwa lile, na kwa kutonitukana. Nashukuru hata kwa yule mama wa miwani, ukimwona mwambie namsalimu na anakaribishwa hapa akatiwe gauni.

Umeandika pia chini, kwa kalamu nyekundu, "Hii usikate." Sikuikata. Niliishika tu. Ni ngumu vizuri.

Vile visanduku vitatu vya kifaa chako kaka yako amevifunga kwenye mashine kama ulivyomchorea. Jumanne umeme ulikatika, ukarudi. Mimi nilikuwa nimeshatazama juu na mdomo nimeufungua niseme "Mkimya, anza." Mashine ya Mkimya ikaanza yenyewe. Taa ikafifia. Ikatulia. Ya pili ikaanza. Taa ikafifia, ikatulia, na ya kwangu ikaanza chini ya mkono wangu. Nikafunga mdomo. Mkimya akageuka, akasema, na huyu mtu hasemi, "Mama Fundi, amekusikiliza vizuri yule mtoto."

Sasa nina ombi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Shule zinafunguliwa Januari. Tangu kola ile ikae kwenye faili la serikali nimerudi kwenye magazeti, na kola hazisimami, zinalala kama masikio ya mbwa. Wazazi wanaona. Ile usiiombe, iache huko huko, imefanya kazi yake. Nichoree nyingine. Mchoro wowote, kitu chochote ulichonacho kichwani sasa, kwenye karatasi ile ile ngumu, uweke tarehe na sahihi kwenye kona. Wewe baki na nakala yako. Huu nitaukata, lakini safari hii kila kipande nitaandika kimekwenda wapi na kwa nani, na Bibi yako atakuwa shahidi.

Tuma upesi, mwanangu, usingoje lori. Watoto wameshaanza kuja kupimwa.

Mama yako, fundi